Habari yangu imesomwa hewani, wasikilizaji wanapiga simu kuuliza ilisema nini

Shikamoo mshauri,

Ni mwandishi wa redio ya jamii, nina miezi saba kazini. Kabla ya hapo nilikuwa naandikia gazeti kwa kujitegemea. Huku redioni kila skripti yangu inarudi na wino mwekundu: "ndefu", "nani kasema?", "haisomeki". Mhariri hana muda wa kunikalisha chini anieleze. Msomaji wa taarifa ya saa mbili usiku naye analalamika kuwa habari zangu zinamkata pumzi.

Wiki iliyopita nilipeleka hii (jina la kijiji nimelibadilisha):

"Imeelezwa kuwa kuharibika kwa pampu ya kusukuma maji katika mradi wa maji wa kijiji cha Mtoni kumepelekea jumla ya wakazi 4,386 kukosa huduma ya maji safi na salama kwa takribani siku 19 hali iliyopelekea wananchi hao kutumia maji ya mto ambayo si salama kwa afya zao. Kauli hiyo imetolewa na Kaimu Meneja wa wakala wa maji wilayani, Mhandisi Fulani, wakati akizungumza na redio hii ofisini kwake, ambapo amebainisha kuwa kiasi cha shilingi 22,450,000 zimeshatengwa kwa ajili ya ununuzi wa pampu mpya na kuwataka wananchi kuwa wavumilivu wakati changamoto hiyo ikiendelea kutatuliwa."

Ilipotoka hewani watu watatu walipiga simu. Mmoja aliuliza kama maji ya mto yamepimwa yakaonekana salama. Wa pili alifurahi kusikia pampu mpya imefungwa, wakati haijanunuliwa hata. Wa tatu alitaka kujua ni kijiji gani.

Nina dakika saba za sauti ya meneja, na sekunde arobaini hivi za mama mmoja niliyemkuta mtoni. Sikuzitumia, niliona muhimu ni ofisi. Meneja aliniambia pampu iliungua. Nilimuuliza maji yatarudi lini, hakutaja tarehe, basi hilo nikaliacha.

Niandikeje ili nieleweke?

Mwandishi wa Redio, Nyanda za Juu Kusini

JIBU

Marahaba, ndugu mwandishi.

Tuanze na hao watatu waliopiga simu, kwa sababu kila mmoja amekuonyesha mahali habari ilipovunjika.

Wa kwanza aliangushwa na "si". Ni silabi moja, imekaa karibu na mwisho wa sentensi ndefu, na msomaji kaifikia akiwa ameishiwa pumzi. Kwenye gazeti jicho lingerudi nyuma kuhakikisha. Sikio halirudi. Ukanushaji wa Kiswahili mara nyingi unabebwa na silabi ndogo kama si, ha au hu, na hizo ndizo zinazomezwa na pikipiki inayopita au redio yenye betri zilizochoka. Ukiweza, geuza iwe kauli ya moja kwa moja: badala ya "si salama" sema "ni hatari". Usipoweza, ufungie ukanushaji neno la kuulinda: "bado haijanunuliwa", "hakufika hata mmoja". Msikilizaji akikosa silabi, "bado" au "hata" litamwokoa.

Wa pili alisikia "zimeshatengwa", akasikia "pampu mpya", akasikia "kutatuliwa". Kichwani kaziunganisha, na pampu ikawa imefungwa. Kosa si lake. Hukumwambia mahali popote kwamba pampu bado haipo.

Wa tatu ndiye wa kawaida kuliko wote. Jina la kijiji lilipita mara moja tu, likiwa neno la 16, halikurudi tena. Mtu anayesikiliza redio anapika, anaendesha bodaboda au anafunga duka. Jina la mahali linampata akiwa bado hajategea sikio. Litaje mapema, kisha ulitaje tena kuelekea mwisho wa habari.

Sasa sentensi yako ya kwanza. Kwenye karatasi ina maneno 46. Lakini 4,386 mdomoni ni "elfu nne mia tatu themanini na sita", yaani maneno saba, na 19 ni maneno matatu. Msomaji wako amepewa maneno 54 bila koma hata moja. Ana haki ya kulalamika. Sentensi ya redio iishie maneno 15, ikizidi sana 18, na ibebe jambo moja.

"Imeelezwa kuwa" ni ugonjwa wa vyumba vya habari vingi, pamoja na ndugu zake "wito umetolewa", "wananchi wametakiwa" na "kauli hiyo imetolewa na". Umeutoa gazetini, na hata huko haukuwa na faida. Ubaya wake redioni ni kwamba msikilizaji anapewa madai kwanza, halafu karibu nusu dakika baadaye ndipo anaambiwa nani kasema. Kwa muda wote huo anadhani redio ndiyo inayosema. Ndiyo maana mhariri anakuandikia "nani kasema?". Redioni msemaji hutangulia kauli yake, na cheo hutangulia jina: "Kaimu meneja wa wakala wa maji wilayani, Fulani, anasema..." Cheo kimoja kinatosha. Na "ofisini kwake" ifute; haimsaidii mtu yeyote kujua kwamba meneja alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

Tungeiandika hivi:

"Leo ni siku ya kumi na tisa mabomba ya kijiji cha Mtoni yamekauka. Pampu inayovuta maji kisimani imeungua. Watu zaidi ya elfu nne sasa wanachota maji mtoni. Kaimu meneja wa wakala wa maji wilayani, Fulani, anasema fedha za pampu mpya zimetengwa. Ni zaidi ya shilingi milioni ishirini na mbili. Lakini pampu yenyewe bado haijanunuliwa. Redio hii ilimuuliza maji yatarudi lini Mtoni. Hakutaja tarehe."

Ni maneno 63. Msomaji mtulivu wa Kiswahili husoma kama maneno mawili kwa sekunde, kwa hiyo hapo kuna nusu dakika na ushei. Usiamini hesabu yetu peke yake: mpe msomaji wenu ukurasa mmoja, mpime kwa saa ya simu dakika nzima, uhesabu alipofika. Namba hiyo ibandike ukutani juu ya meza yako. (Kama chanzo cha maji ni mto au bwawa, badilisha "kisimani". Na kijiji chenyewe kinaitwa Mtoni, kwa hiyo ukiandika jina halisi angalia lisigongane na "mtoni" ya mstari wa tatu. Hapa linagongana, na hewani ingebidi tuseme "maji ya mto".)

Umeona tulichokifukua? Swali la "lini" ulilolitupa ndilo kila mkazi wa kijiji hicho anauliza. Afisa akikataa kutaja tarehe, kukataa kwake nako ni habari. Iseme kwa sauti ya kawaida, bila kumkejeli. Lakini kabla hujatuma "bado haijanunuliwa", mpigie simu siku hiyo hiyo uhakikishe. Huenda imenunuliwa jana.

Na tulichokiondoa ni kuhusu maji ya mto kuwa hatari. Nani kayapima? Kwenye skripti yako hakuna bwana afya wala daktari wa zahanati aliyesema hivyo. Yawezekana ni kweli, lakini hiyo ni sentensi ya mtu mwingine, na mtu huyo hukumtafuta. Mpigie, kisha iingie kwa jina lake: "Afisa afya wa kata anasema maji ya mto huo ni hatari kwa kunywa."

Maneno mengine ya kufuta bila huruma: "jumla ya" mbele ya idadi haiongezi kitu. "Takribani siku 19" inajipinga. Ukisema takribani, sema wiki tatu. "Kupelekea" kwa maana ya kusababisha wenye lugha wengi wanaikataa, na kwa kawaida "kwa hiyo" inatosha. "Amebainisha", "amefafanua", "ameainisha", "amedokeza" kila moja ina maana yake, na "kusema" haijawahi kuchosha sikio la mtu. "Changamoto" ni neno la hotuba. Pampu iliyoungua ni tatizo.

Nyakati za vitenzi zitazame kwa karibu. "-me-" inaifanya habari iwe ya sasa: pampu imeungua, mabomba yamekauka. Ukiandika "iliungua", msikilizaji anasubiri umwambie ni lini, kwa hiyo mpe siku. Na "leo ni siku ya kumi na tisa" inaoza usiku huo huo. Taarifa ya kesho asubuhi ikiirudia hivyo hivyo imeshasema uongo. Andika juu ya skripti "badilisha siku" ili wa zamu ya asubuhi aone.

Namba. Tatu kwa habari moja zinatosha, nne ni nyingi. Andika kwa maneno kila kitu kinachosomwa. Kiswahili kina mtego wake hapa: "elfu ishirini na mbili" inaweza kuwa 22,000 au 20,002, na "elfu mia moja na tano" inaweza kuwa 105,000 au 100,005. Kwa mazungumzo ya sokoni muktadha unaokoa. Kwenye habari ya magunia ya mbolea hauokoi. Sema "laki moja na elfu tano", au "ishirini na mbili elfu". Asilimia nazo ziyeyushe: 48.7 ni "karibu nusu".

Saa na siku zimewaumbua waandishi wengi. Taarifa iliyokuja kwa Kiingereza ikisema mkutano ni 10:00 asubuhi, kwetu ni saa nne, na mwandishi mwenye haraka huandika saa kumi. Ondoa au ongeza sita, kisha utamke kwa sauti uone kama inaingia akilini: mkutano wa hadhara saa kumi alfajiri? Usiku ni shida zaidi. Kwa hesabu ya asili ya Waswahili siku huanza jua likizama, kwa hiyo kuna wazee ambao "usiku wa Ijumaa" kwao ni Alhamisi baada ya magharibi. Moto ukizuka saa saba usiku, andika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Hapo mzee wa pwani na kijana wa mjini wanaelewa usiku ule ule.

Jambo jingine ambalo wanaojifunza kwa vitabu vya Kiingereza hawaambiwi: "a-" na "-m-" zetu hazisemi mwanamume au mwanamke, wala hazisemi ni yupi kati ya wawili. Soma hii: "Mwenyekiti alimwambia mtendaji kuwa amefuja fedha za kijiji." Nani kafuja? Hapo mtu mmoja ameitwa mwizi hewani, na wasikilizaji wamegawanyika kuhusu ni nani. Watu wawili wakiwa kwenye sentensi moja, rudia cheo kila mara: "Mwenyekiti anadai mtendaji amefuja fedha za kijiji." Rudia hata kama mwalimu wako wa insha alikukataza. Kisha mtafute mtendaji ajibu, maana sasa imekuwa wazi unamtuhumu nani. Vivyo hivyo "hiyo", "hilo" na "huo": neno la aina hiyo lisirejelee kitu kilicho zaidi ya sentensi moja nyuma.

Tuje kwenye sauti. Dakika saba za meneja ni za kumbukumbu yako. Ulichonacho cha kurusha ni zile sekunde arobaini za mama. Meneja ana takwimu, na takwimu unazisoma wewe kwa ufupi kuliko yeye. Mama ana kitu ambacho huwezi kukisema kwa niaba yake: anaondoka nyumbani saa ngapi, anarudi na ndoo ngapi, nani anabaki na watoto. Kata sekunde 10 mpaka 20, uanzie pale anapoanza wazo na uishie pale sauti yake inaposhuka. Ukimkata sauti ikiwa juu, msikilizaji anadhani mitambo imeharibika.

Sentensi ya kumwingiza ndiyo inayokosewa zaidi. Kosa la kwanza ni kumwibia maneno. Unaandika "Mama huyo anasema anaamka saa kumi alfajiri kufuata maji", halafu sauti inaingia: "Mimi naamka saa kumi alfajiri kufuata maji..." Mwambie msikilizaji mama ni nani, mwache mwenyewe aseme la saa kumi: "Mmoja wa wanaochota huko ni mama wa watoto wanne." Kosa la pili ni kumalizia na "anaeleza zaidi" au "huyu hapa". Sauti ikigoma kutoka, na ipo siku itagoma, msomaji anabaki ananing'inia hewani. Sentensi ya "mama wa watoto wanne" imekamilika yenyewe, na msomaji anaweza kuendelea mbele kama hakuna kilichotokea.

Kwenye skripti mwandikie fundi mitambo hivi, kwa herufi kubwa ili msomaji asiyasome: SAUTI YA MAMA, SEKUNDE 14. INAANZA: "Naondoka nyumbani..." INAISHIA: "...ndoo mbili tu." Maneno ya mwisho ni muhimu kuliko ya mwanzo, kwa sababu ndiyo yanayomwambia msomaji arudi kwenye kipaza sauti.

Ukirekodi kwa simu, iweke kwanza kwenye hali ya ndege. Simu ikiingia katikati inaweza kukata kurekodi. Ishike nusu shubiri kutoka mdomoni, chini kidogo ya kidevu, pumzi isiipige. Mtoni kuna upepo: simama na mgongo wako upande unakotoka. Ukimaliza mahojiano rekodi nusu dakika ya mto na ndoo bila mtu kuongea, utaihitaji wakati wa kuunganisha. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma faili kama nyaraka. Ikipita kama ujumbe wa sauti inabanwa, na hewani inasikika kama mtu anaongea ndani ya debe.

Kuhusu msomaji wako na pumzi. Habari moja ukurasa mmoja, upande mmoja wa karatasi, herufi za ukubwa wa 14 au zaidi, mistari iachane. Sentensi isivuke ukurasa. Usipachike pini, karatasi zikifunuliwa hulia kwenye kipaza sauti. Mabano na alama za kunukuu hazisikiki, kwa hiyo kama maneno ni ya mtu mwingine, yaseme kuwa ni yake. Vifupisho vinavyosomwa kama neno, TANESCO au TAKUKURU, viache hivyo. Vinavyotajwa herufi moja moja vitenganishe: T-R-A. Majina ya kigeni yaandike yanavyotamkwa, hata kama Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, inakuwa Wagadugu, kwa sababu karatasi hiyo haiendi kuchapishwa.

Na mjue msomaji wako. Kuna wanaochanganya "r" na "l" kutokana na lugha ya nyumbani, na si aibu, lakini "wananchi wamepiga kura" ikiwa "kula" studio nzima inacheka. Akiwa zamu mtu huyo, andika "wananchi wamemchagua". Sentensi zenye mfululizo wa "s" na "sh" zivunje: "kusababisha kushindwa kusambazwa kwa sukari" haisomeki hata na malaika.

Yote haya utayaona mwenyewe ukisoma skripti kwa sauti kabla ya kuituma. Si kwa kunong'ona, kwa sauti ile ya hewani. Mahali unapovuta pumzi bila nukta, weka nukta. Kisha msomee mara moja tu mtu ambaye hakuwepo, mlinzi wa getini au dada wa chai, na umuulize mambo mawili: wapi, na nini kimetokea. Akikosea mojawapo usimweleze, rudi ukaandike upya. Habari ya saa mbili iwe mezani kwa mhariri saa moja na nusu, ikiwa na namba ya simu ya meneja juu kulia, ili wino mwekundu ukija uwe na muda wa kupiga simu.